Frontline Plus ya paka: dawa nzuri ya viroboto, mradi usichukue ya mbwa

Hii ni dawa ya matone, si ya unga wala ya kuogeshea. Mrija mmoja una mililita 0.5, yaani miligramu 50 za fipronili na miligramu 60 za methopreni. Fipronili hushambulia mfumo wa neva wa kiroboto na kumuua ndani ya saa 24. Methopreni huzuia mayai na mabuu yasikue. Dawa hukaa kwenye mafuta ya ngozi na tezi zake, ndiyo maana huendelea kuua viroboto kwa takriban wiki 4. Kwa kupe haidumu hivyo: tegemea wiki 2 tu. Paka anayezurura kwenye majani marefu mkague kila jioni, hasa masikioni na shingoni, hata kama ametiwa dawa.

Tunaipendekeza, lakini matokeo yake yanategemea sana mkono wa anayeitia. Shika mrija wima, ugonge kwa kidole ili dawa yote ishuke chini, kisha vunja ncha. Tenga manyoya nyuma ya shingo, mbele kidogo ya mabega, hadi uione ngozi yenyewe, ukamue dawa yote hapo. Ikibaki juu ya manyoya umeipoteza. Ukiitia mgongoni chini zaidi, ulimi wa paka utaifikia, naye atatokwa na udenda mwingi. Kwa kawaida hali hiyo hupita, ila dozi imepungua. Asiogeshwe siku 2 kabla wala siku 2 baada, na watoto wasimshike mpaka pakauke. Mtoto wa paka aliye chini ya wiki 8 au chini ya kilo 1 hatiwi kabisa. Huyo mchane kwa chanuo la chawa, ukilichovya kila mara katika maji ya sabuni, na ukiona fizi zake zimepauka mpeleke kwa daktari wa mifugo siku hiyohiyo, kwa sababu viroboto wanaweza kumaliza damu ya kichanga.

Lawama kwamba dawa haifanyi kazi huja mara nyingi katika wiki ya pili, viroboto wapya wanapoonekana. Hao wametoka nyumbani. Kiroboto jike hutaga hata mayai 40 kwa siku, nayo huporomoka kutoka kwenye manyoya popote paka anapolala. Mabuu hukimbia mwanga, hujificha chini ya mikeka, katika mikunjo ya makochi na nyufa za sakafu, kisha hujifunga ndani ya vifuko ambavyo dawa haipenyi. Hutoka humo wiki kadhaa baadaye, pengine miezi. Basi tia dawa paka wote wa nyumba siku moja, rudia kila mwezi kwa miezi 3 angalau, fua matandiko kwa maji ya moto, anika mikeka na magodoro juani, fagia nyufa kila siku. Katika joto na unyevu wa pwani viroboto hawana msimu wa kupumzika, hivyo ukiacha mwezi mmoja katikati unaanza upya.

Sasa jambo linaloua paka. Matone na unga wa mbwa, vikiwemo vinavyouzwa rafu moja na dawa hii ya paka, mara nyingi vina permethrini. Ini la paka haliwezi kuivunja sumu hiyo vizuri, na tone la mbwa lina kiasi kikubwa mno kwake. Hutetemeka, masikio na ngozi hurukaruka, huyumba, kisha degedege. Akitiwa kwa bahati mbaya, mwoshe mara moja kwa maji ya vuguvugu na sabuni ya vyombo, mkaushe, mfunike apate joto, mkimbize kwa daktari pamoja na pakiti. Maziwa hayaondoi sumu hii. Dawa ya kuogeshea ng'ombe yenye amitrazi nayo usiitumie, hata ukiizimua, wala usimpulizie paka dawa ya mbu. Muuzaji akikukatia mrija mmoja kutoka kwenye pakiti, mwambie akuonyeshe pakiti nzima: lazima iandikwe kuwa ni ya paka. Kugawa mrija wa mbwa mkubwa kwa paka wawili ili kuokoa fedha si jambo la kukubali, hata kama jina la dawa ni lilelile. Na kama nyumbani kuna sungura, fipronili isimguse kamwe.

Upungufu mwingine wa Frontline Plus ni kwamba haitibu minyoo. Paka akimeza kiroboto anapojilamba anaweza kupata tegu. Utaona vipande kama punje za mchele karibu na mkundu wake. Ukiviona, mwombe daktari prazikwanteli kwa uzito wa paka, na umpe katika wiki hiyohiyo unayoanza matone, maana tegu atarudi ikiwa viroboto wamebaki.