Kikundi cha Alhamisi cha watu wanaoacha kamari, Hurlingham, Nairobi: baada ya miezi 16

Alhamisi mbili za kwanza sikuingia. Nilishuka matatu ya 46 pale Hurlingham, nikatembea hadi geti la kanisa, nikakaa kwenye benchi la nje chini ya mjakaranda mpaka nikasikia viti vikisogezwa ndani, kisha nikarudi nyumbani. Alhamisi ya tatu mama mmoja mwenye mvi alitoka, akaketi kando yangu, akauliza, "Mwanangu, ni mpira au ni kasino?" Nikamjibu, "Ni ndege." Hakushangaa. Akasema, "Twende basi, chai inapoa."

Hiyo ilikuwa Agosti 2024. Naandika haya kwa sababu nilipokuwa nikihangaika kutafuta msaada sikumpata mtu aliyeeleza kwa Kiswahili kinachofanyika ndani ya chumba kile. Ningekuwa nimejua, zile Alhamisi mbili nisingezipoteza.

Mimi ni mzaliwa wa Majengo, Pumwani, na kazi yangu ni wakala wa M-Pesa Gikomba, kwenye duka la mjomba wangu. Anayeijua Gikomba anajua soko linaamka alfajiri. Wauza mitumba wanataka floti, yaani pesa za wakala zilizo kwenye simu, mapema walipie marobota. Kwa hiyo pesa za watu zilikuwa mkononi mwangu kuanzia asubuhi hadi usiku. Usiku nilikuwa nikijiwekea shilingi 500 kutoka simu ya kazi kwenda laini yangu, bila noti yoyote kuingia kwenye droo, halafu nazipeleka kwenye ule mchezo wa ndege inayopaa. Namba ya kuzidisha dau lako inapanda, moja nukta mbili, moja nukta tano, mbili, na wewe unatakiwa utoe pesa zako kabla ndege haijatoweka. Anayebeti mpira angalau anangoja dakika 90. Ndege inapaa na kutoweka ndani ya sekunde chache, na nyingine iko tayari. Pengo la floti nililiziba kwa Fuliza, ule mkopo wa M-Pesa wa salio likiisha, kisha kwa mikopo ya simu, na mwisho kwa pesa za chama cha akina mama ambacho mimi ndiye nilikuwa mweka hazina.

Sasa, kikundi chenyewe. Kinafuata mpango wa Gamblers Anonymous, ulioanzia Los Angeles mwaka 1957 na ambao hatua zake 12 zimetokana na zile za watu wanaoacha pombe. Hakuna ada. Kikapu kinapitishwa mwishoni kwa ajili ya chai na kodi ya ukumbi. Siku nisipokuwa na kitu hakuna anayeniangalia. Kikao kinaanza saa kumi na moja na nusu jioni hadi saa moja. Watu huwa 12, siku nyingine 20, wanakaa kwa duara kwenye viti vya plastiki. Unasema jina lako la kwanza tu. Mmoja anazungumza, wengine wananyamaza, na anapomaliza hakuna anayempa ushauri. Hilo lilinisumbua sana mwanzoni. Nimezoea kwetu, ukisema tatizo watu kumi wanakuletea dawa kumi. Ilinichukua wiki kadhaa kuelewa kwamba kunyamaza kwao ndiko kulinifanya niseme kiasi halisi cha pesa, kwa mara ya kwanza, kwa sauti.

Siku ya kwanza unapewa maswali 20. Je, umewahi kucheza ili upate pesa za kulipa deni? Kamari imekunyima usingizi? Umecheza muda mrefu kuliko ulivyopanga? Wanasema wengi wenye tatizo hili hujibu ndiyo kwa maswali saba au zaidi. Mimi nilijibu ndiyo kwa 17. Swali la 20 linauliza kama umewahi kufikiria kujiua kwa sababu ya kamari. Nilikaa nalo muda mrefu, kalamu mkononi, na yule mama mwenye mvi akageuza uso akaangalia dirishani mpaka nilipoandika. Kama jibu lako ni ndiyo, nakuomba usingoje Alhamisi. Nenda Mathari, hospitali ya magonjwa ya akili, au hospitali yoyote iliyo karibu nawe leo hii, na uende na mtu. Kamari siku hizi inatambuliwa kuwa ugonjwa, Shirika la Afya Duniani limeiweka kwenye orodha yake, na daktari hatakucheka.

Mama yule ndiye aliyekuwa mlezi wangu. Kila mgeni anatafutiwa mtu aliyetangulia, wa kumpigia simu saa yoyote, na sisi tunamwita mlezi. Yeye ni mstaafu wa benki, na mashine za kasino zilimmalizia kiinua mgongo. Zaidi ya hapo sisemi. Kilichosemwa ndani ya duara kinabaki ndani ya duara, na haya ameniruhusu mwenyewe niyaandike.

Kazi ya kwanza aliyonipa ilikuwa kuchapisha taarifa ya M-Pesa ya miezi 12. Kumbuka, mimi ni wakala. Nimewasaidia mamia ya watu kupata taarifa zao. Yangu sikuwahi kuifungua. Nilichapisha kwa saiba ya Gikomba, nikalipia karatasi 61, nikazibeba kwenye mfuko mweusi kama mtu aliyebeba kitu cha wizi. Tuliketi naye kwenye meza ya jikoni ya ukumbi. Akatoa rula ya mbao na kalamu ya manjano, akaanza kupaka rangi kila mstari ulioonyesha pesa zikienda kwa kampuni ya kamari. Hakusema neno. Karatasi ya kwanza ilikuwa na mistari mitatu. Ya tano ilikuwa karibu yote manjano. Nilianza kusoma ile safu ya saa: 02:14, 02:16, 02:16, 02:19. Nikaikumbuka hata siku yenyewe, binti yangu alikuwa na homa na mimi nilimwambia mama kwamba nimekesha nikimuuguza.

Tulipojumlisha, nilikuwa nimetuma shilingi 641,350. Zilizorudi zilikuwa 388,200. Kwa moyo wangu wote, na naapa kwa hili, nilikuwa naamini nimepoteza kama elfu 80. Ulikuwa umebaki kichwani mwangu kila ushindi, hata rangi ya nguo niliyovaa siku niliposhinda 22,000. Zilizoliwa sikuziweka popote. Mlezi akasukuma kikombe cha chai upande wangu, akasema, "Sasa unajua ni kiasi gani. Laki mbili, elfu hamsini na tatu, mia moja na hamsini." Akaitaja hasara hiyo taratibu kama mtu anayesoma jina la mtoto aliyezaliwa.

Kwangu mimi hapo ndipo kikundi kile kilipopata thamani yake. Mawaidha nilikuwa nayo tele. Aya ya 90 ya sura ya Al-Maida niliihifadhi chuo cha Kurani nikiwa na miaka tisa, najua kamari imewekwa pamoja na ulevi. Kujua ni haramu hakukunizuia. Kulinifanya nifiche zaidi. Kile nilichokosa ni mtu wa kukaa nami na zile karatasi bila kunikimbia.

Najua dada Waislamu watauliza kuhusu ukumbi wa kanisa na kuhusu kutoa siri zako. Nilimuuliza maalimu wetu, akaniambia kutafuta tiba si kujigamba kwa dhambi. Hatua za mpango zinasema Mungu kama kila mtu anavyomfahamu, na sala ya ufunguzi ni fupi, mimi huiitikia kimoyomoyo kwa maneno yangu. Magharibi ikiingia naswali kwenye chumba kidogo wanapoweka viti vya watoto. Mswaki wangu upo pale, na mkeka wa kuswalia. Ramadhani ya 2025 nilidhani ningekosa mwezi mzima. Alhamisi ya kwanza nikakuta sahani ya tende imefunikwa kwa kitambaa, na dereva mmoja Mkikuyu, mtu asiyeongea sana, akiangalia saa yake kwa niaba yangu. Ilipofika, akasema tu, "Dada, wakati."

Simu ya usiku nayo inafanya kazi. Oktoba 2024, saa saba na dakika arobaini usiku, nilikuwa nimeshaandika namba ya paybill, ile ya kulipia kampuni ya kamari. Nikampigia mlezi. Alipokea mlio wa pili. "Umeshatuma?" Bado. "Haya. Leo mlipika nini?" Nikamwambia maharagwe ya nazi. Akataka kujua nayaloweka saa ngapi, natumia tui la kwanza au la pili, mbona yeye yake hukatika. Tuliongea maharagwe dakika 25. Kisha akasema, "Sasa amka, peleka hiyo simu chumbani kwa mamako, umwambie aiweke chini ya mto." Nilimwamsha mama yangu. Hiyo ndiyo njia mama alivyokuja kujua, na nashukuru ilikuwa hivyo.

Novemba nilianguka. Shilingi 200. Nilidhani watanifukuza, nikasema kwenye duara huku natetemeka. Wakasema, "Karibu tena," wote kwa pamoja, na hesabu yangu ya siku ikaanza upya. Tangu tarehe 14 Novemba 2024 sijatuma hata bob.

Baada ya mwezi mmoja safi wanakufanyia kikao cha kupunguza presha: wanakikundi wawili wa zamani, wewe, na mtu wako wa nyumbani, mnaweka madeni yote mezani na kuandika bajeti. Mimi nilikwenda na mjomba. Niliogopa siku hiyo kuliko siku ya kujifungua. Mjomba alisikiliza, akavua kofia, akaivaa tena, akaniuliza, "Mama, mbona hukuniambia?" Tulipanga: duka nabaki, lakini simu ya kazi inalala kwake, chama nakilipa 3,500 kila mwezi, nikajitoa Fuliza, nikafunga akaunti ya kamari, nikazima jumbe za matangazo, laini yangu PIN anayo mama. Mwenyekiti wa chama alinitukana mbele ya watu na alikuwa na haki. Bado nalipa. Nimebakiza miezi tisa.

Kasoro zipo, na sitazificha.

Vitabu vyote ni vya Kiingereza. Kuna watu wanaokuja kutoka vibandani na kwenye bodaboda ambao wanashindwa kusoma hatua zenyewe, na wakati mwingine mimi hukaa nao pembeni nikiwatafsiria. Hilo si sawa, Nairobi hii. Pili, wanawake ni wachache. Nilikuwa wa tatu, na mzee mmoja aliuliza kwa sauti kama nimemsindikiza mume. Tatu, msimamizi wa kikao huwa anaacha baadhi ya watu wazungumze dakika 20 na mgeni anapewa dakika tatu za mwisho. Nimelalamika, kumekuwa na nafuu kidogo.

Nne, kuwa mwangalifu na pesa kati ya wanakikundi. Wiki yangu ya tatu kaka mmoja alinikopa 3,000 nje ya geti, akalia, nikampa, hakuonekana tena. Sikuambiwa mapema kwamba kukopeshana hakuruhusiwi. Kikundi chenyewe hakitakukopesha hata shilingi ya nauli, na mwanzoni niliona ni ukatili. Lakini najua vizuri, kama ningepewa elfu tano ile Agosti, zingekwenda wapi.

Halafu ni mbali. Kutoka Gikomba natumia matatu mbili, na jioni barabara inajaa, kwa hiyo nauli na muda ni gharama. Upande wetu wa mashariki mwa jiji, ambako vijana wanabeti kila kona, sijapata kikundi kama hiki. Natamani sana kiwepo. Njiani redio inakutangazia bonasi. Mwishoni mwa Aprili 2025 bodi ya kudhibiti kamari ilisimamisha matangazo hayo kwa siku 30, na naweza kusema safari zangu za Alhamisi mwezi ule zilikuwa nyepesi. Siku hizi navaa spika za masikioni, nasikiliza Kurani mpaka nishuke.

Nyota nne kati ya tano. Ile ya tano nitaitoa siku nitakapoona kitabu cha hatua 12 kwa Kiswahili kwenye ile meza.

Kwa anayetaka kwenda: fika saa kumi na moja na robo, geti la pembeni, si lile kubwa. Usije na pesa nyingi, na usitoe jina la ukoo hata ukiulizwa. Na kama ukifika miguu ikakataa kuingia, kaa kwenye benchi chini ya mjakaranda. Kabla kikao hakijaanza kuna mtu hutoka kuangalia kama kuna aliyekaa pale. Mlezi wangu magoti yanamsumbua siku hizi, kwa hiyo tangu Juni anayetoka ni mimi. Chai itakuwa bado moto.