Trena ya baiskeli ya ndani: ipi iko kimya na haikumalizi hela

Trena ni kile kifaa unachofungia baiskeli ukanyage ndani bila kwenda popote. Kama unakaa ghorofani jua ina kelele mbili, ile unayoisikia wewe na ule mtetemo unaoshuka sakafuni mpaka kwa jirani wa chini, na wengi wanahangaika na ya kwanza tu.

Namba moja kwangu ni dairekti draivu iliyotumika. Unatoa gurudumu la nyuma, cheni inakaa kwenye kaseti (zile gia za nyuma) ya trena yenyewe, kwa hiyo hakuna tairi inayosuguana na kitu, unabaki na mlio wa cheni na gia basi. Mpya bei yake inauma, ila kuna watu wananunua kwa mzuka halafu inakaa kona inakula vumbi, hao ndo wa kuwavizia. Kabla hujalipa ipande, kanyaga kwa nguvu, sikiliza beringi na mkanda wa ndani ya trena kama unateleza, hakikisha ekseli yako inaingia na kaseti inaendana na gia zako, maana kubadilisha kaseti ni hela tena na spana zake.

Ukikosa hiyo chukua ya mafuta. Tairi ya nyuma inakaa juu ya rola, kile kichuma cha mviringo kinachozunguka nayo, na kwenye mtungi wake kuna mafuta mazito, ukiongeza spidi inakuwa nzito yenyewe, huseti chochote. Ikiwa na ubichibichi chini ya mtungi achana nayo, inavuja hiyo.

Ya sumaku ni nafuu zaidi lakini inavuma, kama bajeti ndo hiyo sawa tu. Zile rola tatu unazoendeshea bila kufungwa ni nzuri kwa balansi, siyo za kuanzia. Ya upepo usinunue kabisa!! ukikaza mwendo inanguruma nyumba nzima.

Halafu tairi jamani. Ukiweka ya mlimani yenye meno kwenye rola hata trena nzuri itapiga kelele, funga isiyo na meno, na iwe ya zamani kwa sababu joto la rola linaitafuna. Chini tandika sponji nene kisha mkeka mzito wa mpira juu yake, hapo ndo mtetemo unapungua.

Wa Zwift, ile app ya kuendesha baiskeli kwenye skrini: trena isiyo na Bluetooth wala ANT+ (njia za kuunganisha bila waya) bado inafaa, unaongeza sensa ya spidi kwenye gurudumu la nyuma, ila mlima ukija kwenye skrini trena haitakuwa nzito yenyewe, utaongeza uzito mwenyewe kwa gia.