Kipozaji cha maji chenye skrini: uliza programu kwanza, kioo baadaye

Malalamiko yanayonifikia kuhusu hivi vipozaji vinavyopoza prosesa ya kompyuta kwa maji, vyenye skrini juu ya pampu, yanafanana mno, na hakuna hata moja linalohusu joto. Prosesa iko poa, feni zimetulia, ila kioo kinaonyesha nembo ya kampuni tu, au kimeganda kwenye nyuzi 43 wakati gemu imekolea na feni zinaunguruma, au kompyuta ikilala ikiamka kioo kinabaki cheusi tii. Dada mmoja aliweka picha ya mwanae mle, na kila akiwasha kompyuta inatokea nembo kwanza, mpaka Windows ifunguke, mpaka ile programu ijivutevute ifunguke nayo, ndo mtoto anaonekana. Alidhani kioo kibovu. Kioo kizima kabisa, ndo kilivyoundwa, na hakuna muuzaji aliyemwambia.

Kwaiyo sitaanza na rejeta (lile bamba maji yanakopita yakipozwa na feni) wala idadi ya feni, hayo yako kila mahali na ukweli ni kwamba rejeta ya milimita 360 ikitengenezwa na kampuni ya maana inapoza vizuri iwe na skrini au isiwe nayo, skrini haipunguzi hata nyuzi moja. Nataka tuongelee kinachokifanya hicho kioo kiishi.

Iko hivi. Hicho kioo hakipimi joto la prosesa. Umeme kinapata kutoka kwenye pawa saplai, na data inakuja kwa waya wa USB unaochomekwa ndani kwenye mazabodi, na anayesoma joto la prosesa ni programu ya kampuni inayokaa ndani ya Windows muda wote, ndo inayotuma namba kwenye kioo. Programu ikifungwa, ikikwama baada ya apdeti, ikigombana na programu ya taa za kampuni nyingine, kioo hakina habari yoyote ya prosesa. Pampu yenyewe inaendelea kuzunguka, usiogope, prosesa haiungui. Ila ile sehemu uliyoilipia hela ya ziada imekufa, na imekufa kwa sababu ya programu ambayo hukuiuliza hata swali moja wakati unanunua.

Ndo maana nasema unanunua programu iliyobandikwa kioo. Kampuni ya NZXT wanatoa garantii ya miaka 6 kwenye vipozaji vyao vya Kraken. Sasa jiulize, hiyo miaka yote programu itakuwa inaandikwa na nani? Kampuni ikitoa modeli mpya ikaacha kushughulika na ya zamani, Windows ikabadilika, kioo chako kinageuka pambo la nembo wakati pampu bado inadunda. Hili swali silioni kwenye video za wanaofungua maboksi hata siku moja, wao wanaweka katuni inacheza kwenye kioo, taa zinawaka, wamemaliza.

Na kabla sijaanza kupanga, fungua keisi yako au tafuta kitabu cha mazabodi yako, angalia sehemu za kuchomeka USB 2.0 za ndani. Zina pini tisa, safu ya tano na safu ya nne, pale pini ya kumi ingekaa pako wazi. Mazabodi nyingi zina mbili tu. Moja inachukuliwa na USB za mbele ya keisi kama keisi yako inazitumia, nyingine inaweza kuwa imeshachukuliwa na kadi ya WiFi kwa ajili ya Bluetooth au kidhibiti cha taa za feni, na hapo ndo unakuja na kipozaji chako kipya unashika waya mkononi huna pa kuuchomeka. Kuna vigawanyio vya ndani vya USB vinavyotoa sehemu moja kuwa kadhaa, tafuta hicho mapema, usisubiri siku ya kufunga. Waya mwingine mdogo unaenda pale palipoandikwa CPU_FAN, ukiuacha mazabodi nyingi zitagoma kuwaka zikidai feni ya prosesa haipo, watu wanarudisha vipozaji vizima kwa hilo tu.

Haya, mpangilio wangu.

Namba moja ni NZXT Kraken Elite na sioni haja ya kuzunguka, mimi ni mtu wa Kraken na nina sababu. Kraken Z za mwaka 2020 ndo zilikuja na kioo cha mviringo cha inchi 2.36 chenye pikseli 320 kwa 320, halafu Elite ya 2023 ikabaki na ukubwa huo huo ila pikseli zikapanda mpaka 640 kwa 640, na hapo picha ilikaa sawa, maandishi hayana meno. Ya 2024 imefika inchi 2.72. Kioo ni kizuri, sawa, lakini hicho sio kilichonishika. Programu yao inaitwa CAM na nayo ina matatizo yake, ni nzito, inapenda apdeti, ila Kraken ina kitu ambacho wengine wengi hawana cha kueleweka: kuna watu wa nje walioandika programu huria inaitwa liquidctl inayoongea na pampu moja kwa moja, unaweka kasi ya pampu, na kwa modeli kadhaa za Kraken unaweka hata picha kwenye kioo, bila CAM kuwepo kabisa. Kernel ya Linux, yaani kiini cha mfumo huo, yenyewe ina dreva ya familia ya Kraken. Maana yake NZXT wakichoka kesho, kioo changu hakifi nao. Angalia tu kama modeli unayoitaka imo kwenye orodha ya liquidctl kabla hujalipa, maana modeli mpya huchelewa kuingia.

Sasa kuna Kraken ndogo yake, ile isiyo Elite, kioo inchi 1.54 na pikseli 240 kwa 240. Jina linafanana, boksi linafanana, wauzaji wanaiweka picha ya Elite. Kwa namba kubwa ya joto inatosha. Kwa picha, hapana, sura ya mtu inakuwa ukungu. Kama lengo lako ni namba tu chukua hii uokoe hela, ila chukua ukijua.

Namba mbili Corsair, zile zinazotumia programu yao ya iCUE, zenye kioo cha LCD cha inchi 2.1, pikseli 480 kwa 480. Ninachowapendea hawa ni kwamba walitenganisha kioo na pampu, mpaka waliuza kioo peke yake kwa waliokuwa na kipozaji cha Elite Capellix bila skrini, unatoa kifuniko cha juu unaweka kioo. Hilo ni jambo kubwa kuliko watu wanavyolichukulia kwa sababu kioo na pampu havifi siku moja, na kuitupa rejeta nzima yenye maji kisa kioo kimezima ni hasara ya bure. Tatizo ni iCUE. Ina kila kitu, na hicho kila kitu kinakaa kwenye RAM yako. Kama kibodi, mausi na feni zako ni Corsair tayari, hii inakuwa namba moja kwako maana programu ni moja inasimamia vyote, hakuna ugomvi. Kama huna kitu kingine cha Corsair sioni sababu ya kuikaribisha iCUE kwa ajili ya kioo kimoja.

Tatu naweka Lian Li, Galahad II LCD, inchi 2.88, pikseli 480 kwa 480. Kioo kikubwa kuliko cha Kraken ila pikseli chache, ukisogeza macho utaona, ukikaa kwenye kiti huoni. Programu ni L-Connect 3, na hapa hoja ni ile ile, kama unatumia feni zao tayari basi twende. Wana pia HydroShift, ile mipira ya kupitisha maji inapita pembeni inafichwa, kompyuta inaonekana nadhifu kweli kweli.

Asus ROG Ryujin naiweka nne na najua kuna watu wataumia. Inchi 3.5, feni za kampuni ya Noctua kwenye Ryujin II, na ndani ya pampu kuna kifeni kidogo kinachopuliza eneo la mazabodi linalozunguka soketi ya prosesa, wazo zuri sana hilo kwa sababu ukishaondoa kipozaji cha hewa lile eneo linakosa upepo. Ila unakuja na Armoury Crate, programu inayotaka kushika kila kona ya kompyuta, na bei yake haishikiki. Kwenye mazabodi ya Asus inakaa vizuri. Kwenye mazabodi nyingine unabeba Armoury Crate na programu ya mazabodi yako, zote mbili zinataka kusoma vihisi vile vile, na hapo ndo zinaanza zile namba zilizoganda.

Hyte THICC Q60 ni mnyama wa aina yake. Kioo cha inchi 5, karibu simu ndogo imelazwa ndani ya keisi. Rejeta ni ya 240 lakini unene wake ni milimita 52, na bado hujaweka feni, kwaiyo chukua rula upime keisi yako kweli, usikadirie kwa macho. Pima na nafasi kutoka kwenye soketi ya prosesa mpaka kadi ya grafiki. Kwa mtu anayetaka kioo hasa, anayetaka kuweka saa, kalenda, picha kubwa, hii ndo yake. Kwa prosesa inayokula umeme mwingi bado ningetaka 360.

DeepCool Mystique ina kioo kizuri cha inchi 2.8, ila mwezi wa sita 2024 serikali ya Marekani iliiwekea kampuni vikwazo, na mimi nikiwa nimesema yote haya kuhusu nani ataandika programu miaka ijayo siwezi kuipandisha juu. Zile za bei rahisi kama za Thermalright zinapoza vizuri sana kwa hela yake, hilo sibishi, kioo ndo uchukulie kama zawadi. Na zile zisizo na jina linaloeleweka, ambazo programu unatumiwa kwa linki ya kudownload faili zip, usiweke faili hilo kwenye kompyuta yako.

Ukishanunua, weka joto la maji kwenye kioo, sio la prosesa. Prosesa za AMD za Ryzen 7000 zimetengenezwa zifike nyuzi 95 zikibanwa na hazidhuriki, i9 za Intel kama 13900K zinaenda mpaka 100, kwaiyo kioo kinaruka 58, 87, 61, 90 kila sekunde na wewe roho juu bila sababu. Joto la maji linapanda taratibu, likikuambia 35 au 40 kazi inaenda, likianza kusogelea 60 hapo kweli kuna kitu, pampu imegoma au feni hazivuti. Na kasi ya feni ifunge kwenye hilo hilo joto la maji, utaacha kusikia feni zikipanda na kushuka kila ukifungua brauza. Kingine, pampu isiwe juu kabisa kuliko rejeta, hewa hukimbilia sehemu ya juu na ikiingia kwenye pampu utaisikia inakwaruza. Mipira ikitokea upande usioutaka picha utaigeuza kwenye programu, usigeuze pampu kwa ajili ya picha.

Sasa wauzaji. Jamani. Skrini imekuwa kisingizio cha kupandisha bei ya kitu kile kile. Ndani ya pampu nyingi za majina tofauti kuna kazi ya kampuni moja, Asetek, ambayo imewatengenezea NZXT na Asus kwa miaka, halafu ukiongeza kioo cha inchi mbili bei inaruka mpaka unajiuliza unanunua kipozaji au televisheni. Arctic Liquid Freezer III haina kioo, rejeta yake ina unene wa milimita 38, inapoza kuliko wengi wa hapo juu, na ukiinunua unabaki na hela ya kuongezea SSD. Hawakwambii hilo kwa sababu faida iko kwenye kioo. Alafu picha za kwenye tangazo, zile namba zinazong'aa, nyingi zimebandikwa kwa kompyuta, sio picha ya kioo halisi kikiwa kimewaka, ukimwomba muuzaji akurekodie video kioo kikiwa kinafanya kazi anapotea. Idadi ya pikseli hawaandiki. Jina la programu hawaandiki. Wanaandika tu "LCD" kwa herufi kubwa, basi. Na ukirudisha kwa sababu kioo kinaganda anakujibu kioo si kinawaka, shida iko wapi, kama vile ulinunua taa.

Kwaiyo ukifika nayo nyumbani usikimbilie kuweka katuni. Ifunge, weka programu, halafu ilaze kompyuta na uiamshe mara kadhaa. Funga programu uone kioo kinabaki na nini. Izime kabisa, chomoa waya wa ukutani, washa tena. Fanya hayo yote ndani ya siku za kurudisha, na uyarekodi kwa simu kioo na mnara wa kompyuta vikionekana pamoja. Kikibaki cheusi baada ya kuamka, na apdeti haijasaidia, irudishe siku hiyo hiyo ikiwa na boksi lake, mifuko yake, na skrubu zote za soketi hata zile ambazo hukuzitumia, maana skrubu moja ikipungua ndo watakayoshikilia kukunyima hela yako.