Tahadhari: Mfasiri wa Kikorea anayetumia wasifu wa mtu mwingine

Ndugu mnaotafuta wafasiri na wakalimani wa kujitegemea wa Kiingereza na Kikorea kwa kazi za kiufundi, jihadharini na mtu anayejitambulisha kuwa mkazi wa Seoul, mwenye shahada ya uzamili ya ukalimani na miaka mingi ya kufasiri nyaraka za mitambo. Wasifu anaoutuma ni wa kweli kila mstari, ila si wake.

Kampuni yetu ndogo jijini Dar es Salaam ilinunua winchi ya kunyanyulia mizigo kutoka kiwanda kimoja cha Changwon, mji wa Korea Kusini. Breki zake zilipoanza kuteleza kabla waranti haijaisha, kiwanda kiliomba ripoti ya mafundi wetu, iliyoandikwa kwa Kiingereza, iletwe kwa Kikorea. Tulimkabidhi mtu huyo kurasa 34, tukamlipa nusu ya ujira, naye akairudisha kazi kabla ya muda, jambo lililotufurahisha badala ya kututia shaka.

Baada ya siku chache kiwanda kiliuliza, kwa adabu kubwa, kwa nini ripoti ya breki inamtaja ndege. Kwa Kiingereza winchi na ndege korongo wana jina moja, “crane”, na katika majedwali ya vipuri, ambako neno husimama peke yake bila sentensi ya kulieleza, programu ya kufasiri ilichagua “durumi”, yaani korongo. Nati ziligeuka kokwa za kuliwa, na waya wa ethi (unaopeleka umeme wa hitilafu ardhini), ambao mafundi wa Korea huuita kwa neno “jeopji”, ukawa waya wa ardhi ya kukanyagwa. Hata miisho ya vitenzi, ambayo katika Kikorea hubeba kiwango cha heshima na katika ripoti hutakiwa kuwa ya namna moja, ilibadilika ukurasa hadi ukurasa, mara ya kiofisi, mara ya maongezi ya marafiki. Hakuna binadamu ajuaye lugha hiyo aliyeipitia kazi ile.

Tulipoitafuta tovuti ya mwenye jina lile, tuligundua kwamba anwani yake ya barua pepe ilitofautiana kwa herufi moja tu na ile tuliyokuwa tukiiandikia. Mwenyewe alitujibu kwamba wasifu wake uliibwa, na kwamba sisi hatukuwa wa kwanza kumlalamikia.

Dalili zilikuwapo. Alikataa kila mara kuzungumza kwa video. Majibu yake yalifika saa nne usiku kwa saa zetu, wakati ambao Seoul, iliyotutangulia kwa saa sita, ni saa kumi alfajiri. Tulipomweleza kwamba huenda tukahitaji mkalimani wa kutuongoza kiwandani, aliomba nauli ya ndege hadi uwanja wa Changwon, ilhali mji huo hauna uwanja wa ndege za abiria na wasafiri huenda kwa treni au hushukia uwanja wa Gimhae, ulioko Busan. Bahati nzuri, nauli hiyo hatukuituma.

Sasa tunamwandikia mfasiri kwa anwani iliyo kwenye ukurasa wake mwenyewe au kwenye orodha ya chama chake, si ile iliyoandikwa kwenye wasifu uliotufikia, na hatulipi kwenye akaunti yenye jina la mtu mwingine. Kabla ya kukabidhi kazi yote tunaomba ukurasa mmoja wenye jedwali la vipuri, tunaulipia, kisha tunampa msomaji wa pili wa Kikorea aupitie. Gharama yake ni ndogo kuliko ile tuliyoilipa mara mbili kwa ripoti moja.

Anwani ile ya tapeli bado inafanya kazi. Wiki iliyopita ilimwandikia mwenzetu mmoja wa Tanga anayeagiza pampu kutoka Korea, safari hii kwa jina jingine, lakini orodha ya miradi ilikuwa ileile, pamoja na kosa lake la tahajia kwenye mstari wa tatu.