Ramani ya tovuti ya WordPress: tathmini kwa wenye hoteli na boti wa Malindi

Tunayoipima hapa haiuzwi. Ni ramani ya tovuti, yaani faili lenye orodha ya anwani za kurasa zako, iliyomo ndani ya WordPress (programu ya kujengea tovuti) yenyewe tangu toleo la 5.5, lililotoka Agosti 2020. Andika anwani ya tovuti yako, mkwaju (/), kisha wp-sitemap.xml. Ukiona jedwali la anwani, unayo tayari, hata kama kuna fundi anayekutoza kila mwezi kwa "kuisajili Google".

Hilo la usajili tulimalize mapema. Ramani hupelekwa Google mara moja tu, kupitia Search Console (huduma ya bure ya Google kwa wenye tovuti), kisha Google hurudi kuisoma yenyewe. Zamani palikuwa na anwani ya kuipigia Google hodi kila ukibadilisha kitu, lakini Juni 2023 ilitangazwa kwamba inafungwa. Anayelipwa leo kwa kazi hiyo anabisha nyumba iliyohamwa.

Je, inaipandisha tovuti juu? Hapana. Inamwonyesha roboti wa Google kurasa zako ziko wapi, basi. Nani atokee wa kwanza mtu akitafuta boti ya kwenda Malindi Marine Park, hilo huamuliwa na mengine. Google wenyewe wanasema tovuti ya kurasa zisizozidi 500 hivi, zilizounganishwa vizuri kwa linki kuanzia ukurasa wa mwanzo, huenda isihitaji ramani kabisa. Nyumba ya wageni ya Silversands yenye kurasa 15 iko mbali na idadi hiyo. Kwa biashara kama hiyo, pini iliyokaa mahali pake kwenye Google Maps ina faida ya haraka kuliko faili hili.

Alama nzuri tunaipa kwa sababu ya ripoti. Fungua Search Console, chagua kuthibitisha domeini nzima, chukua rekodi ya TXT (mstari wa maandishi) unayopewa na uiweke kwenye DNS, yaani mipangilio ya domeini, kule ulikonunua domeini yako ya .co.ke. Ikikubali, nenda sehemu ya Sitemaps, andika anwani kamili ya ramani, kuanzia https:// hadi wp-sitemap.xml, tuma. Baada ya siku kadhaa fungua ripoti ya kurasa na uichuje ibaki na zile za kwenye ramani tu. Hapo ndipo kitu hiki kinapolipa. Ukurasa ambao Google imeujua lakini haijausoma mara nyingi hauna linki ya kuufikia. Uweke kwenye menyu au uutaje kwenye ukurasa wa vyumba. Uliosomwa kisha ukaachwa una kasoro nyingine: vyumba sita, kurasa sita, na maelezo ni yale yale, kilichobadilika ni namba ya mlango. Hizo ziunganishe ziwe ukurasa mmoja wenye picha za kutosha.

Kabla ya kutuma, safisha. Tovuti nyingi bado zina lile chapisho la mfano la "Hello world!" linalokuja na WordPress. Likibaki, ramani hutangaza chapisho lenyewe, kategoria yake ya "Uncategorized", na ndani ya wp-sitemap-users-1.xml utakuta /author/admin/. Yaani jina la kuingilia kwenye tovuti limeanikwa uani. Lifute chapisho hilo, na kama hakuna jingine la mtumiaji huyo, ukurasa wake hutoka kwenye ramani.

Upungufu wake upo. Tarehe ya ukurasa kubadilishwa mara ya mwisho iliongezwa katika toleo la 6.5, mwaka 2024. Tovuti iliyoachwa kwenye toleo la zamani haina. Na tarehe hiyo Google huitumia ikiona ni ya kweli, kwa hiyo usiibadilishe bure ili uonekane mpya. Alama za kipaumbele na za "hubadilika kila wiki", zinazowekwa kwenye baadhi ya ramani, Google haizijali. Pia huwezi kuutoa ukurasa mmoja bila kugusa msimbo (code) wa tovuti. Ukilihitaji hilo, plagini (programu ya nyongeza) ya Yoast ya bure inatosha: ukurasa uliouzuia usiorodheshwe huondoka kwenye ramani wenyewe. Ila anwani hugeuka kuwa sitemap_index.xml, basi tuma hiyo.

Ikigoma, sababu ni chache. Ukipata 404 (ukurasa haupo), tazama mipangilio ya kusoma: ile tiki ya kuzizuia injini za utafutaji, ambayo fundi huiweka wakati wa kujenga, huenda haijatolewa. Tiki hiyo ikibaki, ramani yote huzimika, na Google huambiwa isiiorodheshe tovuti. Ukipata kosa kwenye mstari wa kwanza, kuna nafasi au mstari mtupu juu ya <?xml, na mara nyingi umetoka kwenye functions.php, faili la themu (muundo wa mwonekano wa tovuti). Na kama anwani za ndani zinaanza na http wakati tovuti iko kwenye https, sahihisha anwani mbili zilizo kwenye mipangilio ya jumla.

Kwa Malindi kuna la ziada: Kiitaliano. Mwenye kurasa za Kiingereza na Kiitaliano anahitaji alama za hreflang, zinazoiambia Google ukurasa upi ni wa lugha ipi, na ramani ya WordPress haiziweki. Ziweke kwenye kichwa cha kila ukurasa kwa plagini ya lugha. Ukurasa wa Kiitaliano uutaje wa Kiingereza, wa Kiingereza uutaje wa Kiitaliano, na kila mmoja ujitaje wenyewe. Upande mmoja ukikosa kujibu, Google huupuuza uhusiano huo. Tafsiri ya kitufe, inayogeuza maneno papo hapo bila anwani yake, haihesabiki.

Halafu masika. Wanaofunga Aprili mpaka Juni wengine huifunga na tovuti, wakawasha plagini ya matengenezo. Plagini nyingi za aina hiyo hujibu kwa 503 (tovuti haipatikani kwa muda), ambayo ni sawa kwa siku moja mbili. Ikiendelea wiki kadhaa Google huanza kuzitoa kurasa, na ramani nayo huenda isisomeke. Acha tovuti wazi, andika tarehe ya kufungua juu ya ukurasa wa vyumba, na fomu ya maombi ya Julai iendelee kufanya kazi.