Tahadhari: dawa ya chupa ya "msitu wa Kakamega" inayouzwa Kisumu

Ndugu zangu wa Kisumu, Vihiga, Kakamega na Siaya, tafadhali someni hadi mwisho, hasa mkiwa na mzee nyumbani anayeamka usiku mara kwa mara kwenda haja ndogo. Kuna jamaa anauza dawa ya maji ya kahawia kwenye chupa za nusu lita, shilingi 1,500 kila moja, akisema ni gome la mwiritsa (wengine huuita muiri) kutoka msitu wa Kakamega. Jumapili huwa Kibuye na spika yake, siku nyingine huonekana Luanda, na siku hizi ukishalipa kwa simu anakutumia kwa matatu. Namba ya kulipia hubadilika kila mara. Mjomba wangu ameinywa dawa hiyo, na sasa amelazwa.

Kinachowanasa watu ni kwamba mengi anayoyasema jamaa huyu ni kweli kabisa. Anasimulia kwamba kwinini ilitoka kwenye gome la mti wa Amerika Kusini, na ni kweli, Wafaransa waliitenga mwaka 1820. Anasema yale maua ya rangi ya waridi yenye asili ya Madagaska, ambayo wengi tumeyapanda mbele ya nyumba, yametoa dawa ya saratani ya damu kwa watoto. Ni kweli pia, inaitwa vinkristini. Anamtaja hata yule mama Mchina, Tu Youyou, aliyepewa Tuzo ya Nobel mwaka 2015 kwa dawa ya malaria iliyotoka kwenye mmea. Halafu anashika chupa yake na kusema, "Na sisi Waluhya tuna yetu."

Na tunayo kweli. Gome la mwiritsa limeuzwa Ulaya kama dawa ya kuvimba kwa tezi dume tangu miaka ya 1960. Wazee wetu Shinyalu waliujua mti huo kabla ya hapo. Siandiki haya kudharau miti shamba, nimelelewa nayo.

Lakini kuna mambo anayaruka. Tu Youyou aligundua kwamba kuuchemsha ule mmea kuliiharibu dawa, ikabidi atumie etha, kimiminika kinachochemka kwa joto dogo sana, ndipo ikafanya kazi. Vinkristini nayo, mamia ya kilo za majani makavu hutoa gramu moja tu, na mtu akizidishiwa kidogo inaua. Hata zile kapsuli za mwiritsa za Ulaya hutengenezwa kwa kuvuta mafuta ya gome kwa kemikali, si kwa sufuria. Tena kazi yake ni kupunguza zile safari za usiku. Hazitibu saratani ya tezi dume. Huyu jamaa anaahidi saratani, presha, sukari, magoti na nguvu za kiume, vyote katika chupa moja.

Sasa sikilizeni kilichompata mjomba. Alinunua kwa ajili ya mkojo, lakini kilichomfurahisha ni goti. Alinipigia simu: "Mama, hii kitu ni kali, goti limeacha kuuma usiku uleule." Hamu ya kula ikarudi, mashavu yakajaa, jirani wakamsifu kwamba amenawiri. Yule muuzaji akamwambia aache vidonge vyake vya sukari kwa sababu "vinapigana na mti". Baada ya wiki kadhaa uso ulikuwa mviringo kama sahani, miguu imevimba, anakunywa maji usiku kucha, mwisho akaanza kuongea maneno yasiyoeleweka. Hospitalini sukari ilikuwa juu mno.

Daktari alituuliza swali moja tu: mzee anakunywa dawa gani ya kienyeji? Alisema dalili zote ni za mtu aliyemeza steroidi kwa muda, kitu kama deksamethasoni. Dawa hiyo hutuliza maumivu haraka, hufungua hamu ya kula, huvimbisha uso na kupandisha sukari. Alisema wagonjwa wa namna hii huwaona, na kwamba unga wa vidonge vya bei rahisi kuchanganywa kwenye dawa za mitishamba ni mchezo unaojulikana duniani kote.

Nilirudi nyumbani nikaiangalia ile chupa. Ni chupa ya juisi iliyotumika, ina kibandiko cha kijani chenye picha ya mti, hakuna tarehe, hakuna jina la mtengenezaji. Nikaiinua kwenye mwanga, na chini kulikuwa na tope jeupe laini. Gome la mti halitoi tope jeupe. Halafu nikainusa. Aliyewahi kubandua gome bichi la mwiritsa anaijua ile harufu yake kali ya lozi chungu. Hii ilinuka karafuu na sukari guru.

Kibandiko kimeandikwa "imepimwa KEMRI". KEMRI ni taasisi ya utafiti, haisajili dawa za kuuza. Kazi hiyo ni ya Bodi ya Famasia na Sumu, na dawa iliyosajiliwa huwa na namba unayoweza kuwauliza. Tena mwiritsa uko kwenye orodha ya CITES, mkataba wa kimataifa unaodhibiti biashara ya mimea na wanyama walio hatarini, tangu 1995 kwa sababu miti ilikuwa ikibanduliwa gome mzunguko mzima hadi ikakauka. Muulizeni gome lote hilo analitoa wapi, na kwa kibali gani. Nilipomuuliza kwa simu alikata.

Kama mzee wako anainywa sasa hivi, usimnyang'anye chupa ghafla halafu ukakaa naye nyumbani. Mwili uliozoea steroidi huacha kutengeneza zake, na ukikatiwa kwa mara moja mtu anaweza kuzirai, presha ikashuka, hata akafa. Mpeleke hospitali leo, na chupa uibebe, daktari ndiye atakayejua jinsi ya kumpunguzia. Vidonge vya sukari au presha alivyoacha, vitaje. Na aombe kipimo cha damu cha tezi dume, kwa sababu mjomba alipaswa kupimwa miezi iliyopita akaahirisha akiamini amepona. Damu yake imechukuliwa juzi tu, bado tunasubiri majibu.

Chupa yetu nimeipeleka ofisi ya mfamasia wa kaunti pamoja na risiti za malipo ya simu. Waliniambia wazi kwamba malalamiko ya mtu mmoja ni mepesi. Mwenye chupa yenye kibandiko hicho asiitupe na asiimwage, aifunge vizuri na aipeleke hapohapo, pamoja na ujumbe wa malipo wenye namba aliyotumia.