Sketi ya marinda ya shule ya masista, ya dukani na ya fundi: uzoefu wangu

Nimezitumia zote mbili kwa binti anayesoma bweni katika sekondari ya Kikatoliki. Ya fundi ni bora kwa mbali, na siri iko kwenye kitambaa kinachojificha ndani ya marinda.

Marinda kamili hula kitambaa mara tatu ya upana unaoonekana. Rinda lenye uso wa sentimita 5 linatakiwa kuficha sentimita 10. Lifungue moja, upime. Ile ya dukani ilificha 4 tu. Ikiwa kwenye hanga huoni kasoro, lakini mvaaji akikaa au akipiga magoti misani marinda yanaachama na sketi inapanda juu ya magoti, wakati fomu ya kujiunga inataka ivuke magoti.

Kwa nyonga za sentimita 90 na urefu wa 70, nunua mita 1.8 ya kitambaa chenye upana wa sentimita 150. Mkanda wa kiuno utatoka humo humo. Chagua mchanganyiko wa poliesta na pamba, poliesta ikizidi. Pamba tupu inapendeza mkononi, ila ikifuliwa tu marinda yanalala. Kama sare ni ya drafti, geuza kitambaa: iliyofumwa ina rangi ileile pande zote, iliyochapwa imefifia nyuma na haitadumu juani.

Msimamie fundi kwenye pasi. Marinda yote yapigwe bandi (mshono wa muda wa kuyashikilia) hadi chini, yafunikwe kitambaa chenye unyevu, yapigwe pasi ya moto wa wastani, kisha yaachwe yapoe kabisa ndipo bandi itolewe. Mafundi wenye haraka huitoa kukiwa bado na moto, na hapo ndipo marinda yanapofumukia. Yashonwe pia kutoka kiunoni kushuka sentimita 12 hivi, yasitanuke tumboni.

Pindo liwe la sentimita 8. La dukani lilikuwa 2, na mtoto wa kidato cha kwanza bado anarefuka! Wakati wa kufua, sketi isikamuliwe kwa kusokotwa. Ianikwe kwa kubanwa kiunoni.

Sweta, hata hivyo, nunua kwa muuzaji aliyeidhinishwa na shule, maana rangi na nembo ni vigumu kuvipatia mtaani. Chukua yenye nembo iliyodariziwa. Ya kubandika huanza kubanduka pembeni kwa joto la pasi.